Muhali Uliotupandisha Mashua

Naikumbuka siku ile kwa baridi yake kwanza, mwanangu, kabla sijayakumbuka maji. Watu wa nje wakisikia Omani hudhani ni jua tupu. Hawajalala bondeni huku Sharqiyah wakati wa baridi, upepo unaposhuka milimani ukakuingia mpaka kwenye mizizi ya meno. Mie nimelala. Na wala sikutaka kulala, na hicho ndicho kisa chenyewe.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa kijana wa ofisi ya serikali pale Ibra, nimeoa karibuni, kanzu yangu haina kunyanzi. Nilikuwa na marafiki wawili wa chanda na pete. Mmoja ni Khalfan, mzaliwa wa Mwanza, pande la mtu, mwenye duka la matairi, na Kiswahili chake cha bara hakikumtoka mpaka leo. Wa pili ni Suleiman, mtoto wa Unguja kama mimi, mfanyakazi wa benki huko Sur. Suleiman alikuwa na adabu ya kupita kiasi: ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi.

Basi tulikuwa harusini Al Qabil. Tumekula, tumenawa, tumeegemea mito, na kikaingia kile kimya cha baada ya biriani, ambacho mtu muungwana huona ni wajibu wake kukiziba. Nikakiziba mimi. Nikasema, "Mvua za mwaka huu zimeijaza ile wadi ya njia ya Sur. Mtu angeweza kwenda kwa mashua." Wallahi, mwanangu, sikuwa na nia yoyote. Nilitupa neno kama mtu anavyotupa kokwa ya tende. Wadi zetu hizi, mikondo ya mito itokayo milimani, mwaka mzima ni mawe matupu; zikipata maji, watu huyasema, basi.

Khalfan akanitazama, akafikiri rafiki yake ana hamu ya siku nyingi. Akaona si vizuri kuiacha hamu yangu ianguke chini mbele za watu. "Poa sana!" akasema. "Twende. Tukapige kempu, tulale huko huko."

Suleiman, ambaye hajui kuogelea na hata hamamuni huogea kata, akasema, "Mie nimo."

Pembeni yetu alikaa Ami Hamdan, ami yake Suleiman, mzee wa bakora na ndevu nyeupe, mtu wa kuamkiwa na kila anayepita. Na unajua desturi yetu: huwezi kupanga safari mbele ya mzee usimkaribishe. Suleiman akamgeukia. "Ami, karibu twende sote." Sote tulilijua jibu lake. Angesema, "Nendeni nyinyi vijana, Mungu awahifadhi," nasi tungesema "Amin," mambo yakaisha.

Mzee akazipapasa ndevu zake. Akatutazama mmoja mmoja.

"Haya," akasema. "Nitakuja."

Tukachekelea kama watu walioumwa na viatu vipya.

Nikadhani yatasahauliwa. Kila mmoja wetu, nilikuja kujua baadaye, alikuwa akimngoja mwenzake aivunje safari. Lakini Khalfan alikwenda Dubai kwa shughuli zake za matairi, akarudi na mashua ya mpira, ya kupuliza, rangi ya manjano kama ndizi mbivu, na makafi yake. Akanipigia simu: "Nimeileta, bwana!" Nami nikamjibu kwa furaha ambayo sikuwa nayo.

Mke wangu Zuwena alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. "Unataka kwenda?" akaniuliza.

"Sitaki."

"Basi mwambie hutaki."

"Kashanunua mashua, Zuwena. Muhali."

Akaingia ndani, akatoka na soksi za sufi. "Haya," akasema, "mvishe muhali wako hizi, usije kushikwa na kifua."

Muhali, mwanangu, si heshima, ingawa wamefanana kama pacha. Heshima ni kumtunza mwenzio. Muhali ni ile haya inayokukaba koo usiweze kumwambia "la", kisha mkaumia nyote wawili, naye asijue.

Alkhamisi tukaenda kwa gari ya Khalfan, Ami Hamdan kiti cha mbele na birika lake la kahawa mapajani. Tukapiga hema ukingoni mwa wadi, karibu na mitende, gari tukaliweka juu zaidi. Usiku ule sitakusimulia, maana hauna la kusimulia ila meno kugongana. Mzee alilala garini. Tulipokwisha sali Alfajiri akatuuliza, "Mmelalaje?"

"Vizuri sana, alhamdulillahi!" tukajibu sote, midomo imetugeuka rangi.

"Na mimi vizuri sana," akasema mzee, shingo imempinda, haigeuki kulia wala kushoto.

Jua lilipopanda tukaitia mashua majini, kuelekea juu, pale wadi inapopita katikati ya majabali. Khalfan akanipa kafi. "Ongoza wewe. Nyinyi watu wa Unguja mmezaliwa na makafi mikononi."

Mie nimezaliwa Malindi, mwanangu, ghorofani. Bahari nikiiona dirishani, na mama yangu akinikataza hata dirisha. Lakini utamwambiaje mtu aliyekuamini hivyo? Nikalishika kafi kama mwiko wa ugali, nikavuta. Khalfan akavuta upande wake, naye ana nguvu za ng'ombe. Mashua ikazunguka. Tukavuta tena, ikazunguka upande mwengine. Ami Hamdan amekaa katikati juu ya mto, bakora magotini, anaamuru: "Kulia! La, kulia kwangu!" Kila tukizunguka, kulia kwake nako kunahama.

Juu ya jabali alisimama mbuzi. Akatutazama kitambo, kisha akageuza uso, kama mtu mwenye adabu aliyemfumania mwenzake yu uchi.

Tulipofika penye maji haba ilibidi tushuke tuiburure mashua juu ya mawe. Mzee akabaki ndani. Sisi tuliona muhali kumwambia ashuke. Yeye, kama alivyokuja kutwambia, aliona muhali kushuka, tusije tukadhani ameidharau khidma yetu. Basi tukamburura kama bwana harusi, miguu imekufa ganzi, na kila tukipumzika tunaambiana, "Raha, eh?" "Raha kabisa!" Wamesema wahenga, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sisi tuliyavulia nguo, na kila mtu akidhani ni mwenzake mwenye joto.

Sasa sikiliza, maana hapa si mzaha.

Tukaingia penye majabali marefu. Mbingu juu yetu ilikuwa buluu, haina hata utepe wa wingu. Lakini kwa mbali, huko milimani, niliona weusi. Nikalitazama kafi langu. Maji yaliyokuwa kijani kibichi sasa yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Vikapita vijiti na majani makavu. Kikapita kiatu cha mtu, kandambili moja, inakuja mbio kuliko sisi.

Kila mtu aliyekaa nchi hii anajua maana yake. Mvua imenyesha mbali, na wadi inashuka. Wadi ikishuka haipigi hodi.

Niliona, mwanangu, nikanyamaza. Nilisema moyoni: Khalfan kaleta mashua kutoka Dubai, leo ndiyo furaha yake, nikisema turudi nitamkata maini. Khalfan naye aliiona ile kandambili. Nikamsikia anaanza kupiga mbinja, na hakuwa mtu wa mbinja. Midomo ya Suleiman ilikuwa inakwenda bila sauti, nikajua anasoma dua. Penye wengi haliharibiki neno, wamesema. Lakini penye wengi waliofunga vinywa, huharibika neno na wenyewe.

Ami Hamdan akaigonga mashua kwa bakora.

"Vijana."

"Labeka, ami."

"Mie naogopa."

Sikuwahi kumsikia mzee wa rika lile akilitamka neno hilo. Wazee wetu walivuka bahari kuja huku na misiba mingi, wakaacha nyumba na makaburi ya wazazi wao, na hawakupata kutwambia kuwa waliogopa. Tukageuka sote kumtazama. Ndevu zilikuwa zinamtetemeka.

"Maji yamegeuka rangi, na nyote mmeona," akasema. "Naogopa. Nataka kushuka sasa hivi."

"Na mimi!" Suleiman akapiga ukelele mpaka majabali yakaitikia.

"Mimi tangu jana!" akasema Khalfan, akalitupa kafi lake majini kabisa, hata sijui kwa nini.

Tukajivuta kwa mikono mpaka kwenye ngazi ya jabali, pale ilipoanzia njia ya mbuzi. Khalfan akambeba mzee mgongoni, akapanda naye. Suleiman akafuata kwa miguu na mikono. Mie nikabaki chini, nimeishika kamba ya mashua, naivuta.

"Iache!" akaniita mzee kutoka juu ya mgongo wa Khalfan.

"Ami, mali ya mtu hii!"

"Iache, bwana!" akapiga kelele Khalfan. "Hata sijapata kuipenda!"

Nikaiacha, nikapanda. Kisha tukausikia mvumo, kama malori mengi yanakuja kwa pamoja, na upepo wa baridi ukatangulia mbele yake. Maji yakatokea kwenye kona, mekundu, yamebeba gogo la mtende na mawe yanayogongana, yakapita pale pale nilipokuwa nimesimama. Ile mashua ya manjano ikarukia juu yake ikaenda nayo moja kwa moja, imenyooka, haikuzunguka hata mara moja.

Tukakaa juu ya jabali, tunatetemeka. Suleiman alikuwa analia kimya kimya, na mie nilikuwa nikimuwaza Zuwena, angekuja kuambiwa na nani, na kwa maneno gani.

Mzee akakohoa. "Nataka kuuliza," akasema. "Nani kati yenu aliyeitaka safari hii?"

Kila mmoja akamtazama mwenzake.

"Mie nilidhani yeye," akasema Khalfan, akanionesha mimi. "Tena mimi matairi ndiyo yangu. Maji sina habari nayo."

"Mie nilikuwa nazungumza tu," nikasema. "Nilidhani Khalfan ndiye anayetaka."

"Mie nilidhani nyote mnataka," akasema Suleiman. "Sijui kuogelea."

"Hujui kuogelea?" tukamaka.

"Hamkuniuliza."

Nikajikaza. "Na wewe, ami?"

"Mie?" akasema mzee. "Mie nilikuwa nataka godoro langu. Lakini mlinikaribisha kwa nyuso za upole, nikaona muhali kuwavunja."

Tukacheka, mwanangu. Tulicheka mpaka Suleiman akashika jabali asianguke, na machozi ya hofu yakachanganyika na ya kicheko. Mzee naye alicheka, kisha akaacha, akatungoja tunyamaze.

"Chekeni, ni haki yenu," akasema. "Lakini tazameni kule chini. Leo tungekufa, na watu wangesema tumekufa maji. Uongo. Tungekufa kwa haya. Kila mmoja wetu alimwogopa mwenzake kuliko alivyoyaogopa maji. Na mwenye kosa kubwa ni mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenye mvi, na ilinipasa niseme 'la' siku ile tumeegemea mito, ambapo 'la' ilikuwa haina uzito wowote."

Kisha akanyanyua kidole. "Heri nusu ya shari kuliko shari kamili. Unapomwambia rafiki yako hutaki, unampa nusu ya shari: atanuna siku moja. Ukinyamaza, unamwekea nzima."

Tukarudi kwa njia ya mbuzi, mzee anabebwa kwa zamu. Hema limekwenda, sufuria limekwenda, gari liko salama. Mzee akalitoa birika lake garini. "Haya, nani anataka kahawa? Asiyetaka aseme."

"Sitaki," akasema Suleiman. Tukamgeukia. "Sijapata kuipenda kahawa tangu nizaliwe. Nainywa tu."

Mtu wa Omani, amekaa kwenye kila barza, amekunywa vikombe Mungu tu anajua vingapi! Mzee akamshika bega, akamwambia, "Leo umezaliwa."

Lakini mtu aliyefungwa kinywa siku nyingi, akifunguliwa hupiga kelele. Baada ya siku ile Suleiman aliwaambia watu "sitaki" kila mahali. Akenda kwa mkwewe, akawekewa pilau, akasema haimpendezi, akarudi kwake na njaa, na mkewe hasemi naye. Ami Hamdan akamwita. "Mie nilikwambia useme kweli," akamwambia. "Sikukwambia uirushe kama jiwe. Kwanza shukuru. Kisha sema la. Kisha muombee dua aliyekukaribisha. Hapo atalimeza bila ya kumkwama." Suleiman akajifunza, na mimi niliyekuwa nimekaa pembeni nikajifunza pamoja naye.

Mzee alikwishatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Sisi watatu tungalipo, na urafiki wetu umesimama juu ya "la" nyingi tulizoambiana, wala hakuna hata moja iliyouvunja.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu. Hutaki, sema hutaki mapema, ungali umeegemea mito barazani, hujalowa, na useme kwa ulimi laini. Usikisie moyo wa mwenzio. Muulize, kuuliza si ujinga. Na ukiogopa, sema unaogopa, hata kama una mvi, hata kama walio mbele yako wanakutazama kama simba. Huenda wote wanaogopa, wanangoja mmoja tu awafungulie mlango. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami mshindo huo nimeusikia kwa masikio yangu.

Mungu akupe ulimi mwepesi kwa kweli na mzito kwa kuumiza. Akuruzuku marafiki utakaowaambia la, kisha wakakuuliza umekula nini leo. Akuweke katika hifadhi yake, wewe na wanaokupenda, safarini na nyumbani. Amin.