Bereg Haimo Kwenye Orodha

Bakora iligonga ukuta mara tatu kabla sijafungua mlango. Ndivyo mzee niliyemhudumia kule Liverpool alivyonifundisha kaunti yake: yeye anagonga ramani iliyo ukutani, mimi bado niko ngazini na funguo mkononi, naanza kujibu. Kaskazini milima. Kusini mto Tisza. Makao makuu Beregszász, chini ya vilima vya mizabibu.

Kaunti ya Bereg ilikuwa ya Hungaria, na sasa haipo. Zamani gavana aliteuliwa na mfalme, naibu wake akachaguliwa na kaunti yenyewe, na kazi, mzee alisema, aliifanya naibu. Baba yake alikuwa karani wa wilaya. Waliondoka wakati wa vita, mzee akiwa mtoto. Leo kijiji chao kiko Ukraine.

Basi fomu ya kumwombea saa zaidi za uangalizi ilipouliza alizaliwa wapi, niliijaza kama tunavyojaza kwetu Kongo: kijiji, wilaya, makao makuu, kaunti, hadi maandishi yakapanda pembeni mwa karatasi. Kwetu, asiyetaja kijiji na teritwari yake, yaani wilaya, ni kama hajajibu.

Ofisi ikaikataa: Bereg haimo kwenye orodha yao ya nchi. Msimamizi wangu, mama Mkenya, akaja mwenyewe na fomu mpya. Alitaka neno moja, Ukraine, na sahihi. Mzee akakunja mikono, akasema hajawahi kulala Ukraine hata usiku mmoja. Bila sahihi, saa haziongezwi, na mwezi huo alikuwa ameanguka bafuni mara mbili.

Msimamizi akanigeukia kwa Kiswahili. "Mdogo wangu, mbembeleze. Wewe anakusikiza."

"Sitambembeleza, dada."

"Kaunti yenyewe ilikufa."

"Na yako wakiifuta kesho, utaandika nini?"

Alicheka. "Mimi ni wa Taita Taveta. Wajaribu."

Mzee aliuliza tunabishania nini. Nikamweleza. Akamtazama yule mama, akamuuliza makao makuu ya kaunti yake ni wapi, na mama akamjibu, akaongeza milima bila kuulizwa. Halafu akavuta kiti, akaandika kwa herufi kubwa: Bereg, Hungaria. Mzee akatia sahihi, jina lote.

"Wataikataa tena," msimamizi akaniambia.

"Tutaijaza tena."

"Kelele zikija, nitasema ni wewe mkaidi."

"Sema."

Akaiweka fomu kwapani, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.