Wati Arobaini za Kweli

Kazini walimwita Bi Wati, kwa kuwa kila asubuhi, kabla hajavua hata koti, aliuliza, "Mnara wa machimbo unarusha wati ngapi?" Alikuwa fundi wa minara ya simu kwa miaka kumi na minane, mwanamke mfupi mwenye mikono migumu na kicheko chepesi. Kilichomnyima raha ni mtambo kurusha nguvu tofauti na ilivyopangwa. Ikizidi, inaingilia minara jirani. Ikipungua, watu wanabaki na "haloo, haloo" kama kasuku.

Mnara wa machimbo ulipangiwa wati arobaini. Ndani ya kabati lake kulikuwa na kihisio, kazi yake kuonja nguvu inayokwenda kwenye antena na kuuambia mtambo: umezidi, punguza, umepungua, ongeza. Skrini ya ofisini ilionyesha arobaini, kijani tupu. Lakini tangu kadi ya kielektroniki inayobeba kihisio hicho ibadilishwe wiki tatu nyuma, mtaa mzima ulio nyuma ya machimbo ulikuwa ukilalamika. Mlalamikaji mkuu alikuwa shangazi yake, mjane wa miaka sabini na mbili, ambaye sasa ilimbidi apande ngazi ya tanki la maji ndipo simu ishike.

"Mwanangu," alisema kwa simu asubuhi moja kutoka huko juu, "wewe unalinda mnara gani? Nikianguka, utakuja kuniokota na hizo wati zako?"

"Shuka, Shangazi. Leo naenda mwenyewe."

Mkuu wake, msomi asiye na makuu, alikuna kichwa. "Dada, mbona skrini inasema arobaini?"

"Skrini inasema ilichoambiwa. Mimi namtaka huyo anayeiambia."

Alikwenda na kipimo chake cha mkononi, amekiviringisha kwenye taulo kama mtoto mchanga. Alizima mtambo, akafungua kebo ya antena, akakiunga kipimo katikati, akawasha tena. Kumi na tisa. Alifuta miwani, akasoma upya. Kumi na tisa vilevile.

Akapekua karatasi za ile kadi, na hapo kitendawili kikateguka. Kadi mpya ilikuwa ya aina nyingine, lakini takwimu za kusahihisha usomaji wa kihisio, zilizowekwa kwenye mtambo, zilikuwa bado za kadi ya zamani. Kihisio kilikuwa kikihesabu kila wati moja kama mbili na zaidi kidogo, na mtambo, kwa utiifu wake, ukajipunguza nusu ukidhani unatenda wema.

Alimpigia mkuu wake, akamsomea namba ya kadi. Mkuu akaingiza takwimu za kadi mpya kutoka ofisini, akizirekebisha kidogo kidogo, na Bi Wati akawa anamsomea kipimo.

"Ishirini na sita. Thelathini na tatu. Arobaini. Arobaini na mbili... rudi nyuma kidogo, bwana, usinigombanishe na minara ya watu. Haya. Arobaini. Iache hapo hapo."

Kabla hajakusanya vifaa, simu yake iliita. Alikuwa shangazi.

"Uko wapi, Shangazi?"

"Jikoni. Nimekaa, miguu nimeinyoosha. Nakusikia kama uko chini ya meza."

Nyuma ya sauti yake simu nyingine ikaanza kuita, kisha nyingine.

"Hizo ni za nani?"

"Za majirani. Wiki tatu za umbea zimeingia kwa mpigo," alisema shangazi, na wote wawili wakacheka hadi Bi Wati akaegemea kabati.

Alirudi kwa kupitia mtaani, akiendesha polepole. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni kwake, simu sikioni. Ndani, mteja wake, kichwa kimenyolewa upande mmoja, naye alikuwa akiongea na simu, wala hakuonekana kuwa na haraka.

Tangu wiki hiyo hakuna kadi iliyobadilishwa bila nguvu kupimwa kwa mkono. Bi Wati ndiye aliyewafundisha mafundi wote, na mwanafunzi wa kwanza kufika, daftari kwapani, alikuwa mkuu wake.