Mama alifunga kula kwa ajili yangu, nami nilikuwa kwenye bembea Kampala

Msimamizi, ukiweka kisa hiki, usibakishe hata herufi moja ya jina langu. Mke wangu anafuata ukurasa huu na husoma mpaka maoni ya mwisho.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tisa, Mkenya, baba wa watoto wawili. Nilikuja Juba kufanya kazi ya benki mwaka ule nchi ilipopata uhuru, kila mtu akipeperusha bendera mpya. Familia ilibaki nyumbani Kenya. Mambo yalikuwa mazuri, sitadanganya. Halafu Desemba ile risasi zikaanza, na tukajifungia watu saba kwenye nyumba moja ya kupanga, tumelala sakafuni mbali na madirisha. Jumatatu nilimpata mke wangu kwa simu nikamwambia, "Ombeni, hapa ni kubaya." Mtandao ukakatika hapo hapo.

Jumatano mchana nikabahatika kupata ndege ya Entebbe. Niliketi na mama mmoja Mganda mwenye duka pale sokoni Malakia, Juba, amekimbia na kandambili mguu mmoja. Alinitazama akasema, "Wewe, usipelekee watoto hiyo uso. Mimi iko mtu wa Kampala, sikia mimi. Kaa siku moja, enda uone watu wenye wanacheka. Kuna bustani kubwa ya bembea, mimi napelekanga watoto wangu huko."

Jameni, ningekataa. Lakini nilifika, nikanunua laini ya Uganda, nikaandika namba ya mke wangu, na sikubonyeza. Nilijua nikisikia sauti yake nitaambiwa panda basi sasa hivi, na mimi nilitaka siku moja tu bila mtu wa kunililia. Nikajiambia, si niko salama? Leo ama kesho, tofauti ni gani? Haki ya Mungu, hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Basi Alhamisi nikaenda. Ilikuwa likizo, watoto wamejaa, na mimi mzee mzima na shati la ofisini nililotoroka nalo. Kijana wa langoni akaniuliza, "Watoto ni wangapi?" Nikasema wanakuja nyuma. Nilivyoona aibu! Lakini nitawaambia nilichojifunza, kwa wale wanaotamani na kuogopa kuchekwa: nenda asubuhi kabla ya familia kufika, na usiogope foleni, maana mtu wa peke yake huitwa mbele kujaza kile kiti kimoja kinachobaki. Usianze na ile inayopinduka kama hujatuliza tumbo. Simu na pochi fungia kwenye kabati zao, maana hakuna wa kukushikia. Nami nikaifungia simu. Nilipanda kila kitu. Kwenye ile treni inayoteremka kwa kasi nilipiga kelele mpaka koo likauma, na hakuna aliyeniuliza ninalilia nini, kwa sababu pale kila mtu anapiga kelele. Saa tisa alasiri nilikuwa juu kabisa ya lile gurudumu kubwa, nakula bisi, nina furaha. Furaha ya kweli. Hilo ndilo linaloniua.

Ijumaa nikafika nyumbani. Majirani wamejaa sebuleni wanaomba. Mke wangu akaniangukia shingoni, akauliza, "Umetoka lini?" Nikasema, "Jana alasiri." Yalinitoka tu, sijui yalitoka wapi. Watu wakaanza kupiga vigelegele na kulia, nami sikuelewa. Nikauliza, "Mama yuko wapi?"

Mama alikuwa hospitali. Ana sukari, na daktari alimkataza kufunga miaka mingi iliyopita. Lakini tangu Jumatatu hakuonja chochote wala kumeza dawa, akisema kwamba hatakula mpaka nitoke Juba. Alhamisi saa tisa akazimia jikoni, akaanguka, akavunjika nyonga. Kwa hiyo kanisa zima likaamini kwamba saa ile ile aliyoanguka ndiyo niliyopanda ndege. Nilipofika kitandani kwake akanishika mkono akacheka. "Usinililie," akasema, "hii nyonga ndiyo nauli yako."

Ningempigia Jumatano, angekula uji jioni ile ile. Nyonga ingekuwa nzima.

Sasa nimerudi kazini Juba, kumetulia kiasi, na mama anatembea kwa fimbo. Ningeweza kunyamaza nikabeba aibu yangu mpaka kaburini, kusema ukweli nilishaamua hivyo. Lakini wiki iliyopita alinipigia akiwa na furaha sana. Amewashawishi akina mama wawili wa kanisa wafunge kama yeye. Mmoja kijana wake amepotea huko Bor kwenye vita. Mwingine binti yake anauza chai Gumbo, hapa pembeni ya Juba, hataki kurudi nyumbani. Wote wawili wana sukari. Nikamwambia, "Mama, waambie wale, waombe huku wanakula." Akakasirika. "Hata wewe? Mimi nilikula? Na si ulitoka?"

Nikasema kuna mteja ananingoja, nikakata simu.

Jumapili hii nitakuwa nyumbani kwa likizo. Mchungaji amenipa nafasi ya kutoa ushuhuda, na Jumatatu wale akina mama wanaanza kufunga. Nikisema kweli, mama aliyetoa mwili wake kwa ajili yangu ataaibika mbele ya watu wote, na mke wangu sijui ataniangalia vipi. Nisiposema, nitakuwa nimeua mtu. Ninyi mnaosoma, nitukaneni, nimestahili, lakini mkimaliza mniambie: nianzie kwa mama chumbani, ama nisimame kanisani? Jana mama alinipigia tena kunituliza, akidhani naogopa kuongea mbele za watu. Akasema, "Wewe usihangaike na maneno, baba. Simama tu useme ulitoka Juba lini. Mengine nitasema mimi."