Sauti ya Kukhu

Kazi yangu ni ya kusubiri. Niko katika ofisi ndogo ya mawakala wa forodha hapa Malaba, na sistimu ikilala, kama inavyolala mara kwa mara, sote tunalala nayo. Madereva wanashuka kwenye malori kutafuta chai, bosi anatoka nje kupiga simu, nami nabaki na kompyuta isiyo na la kufanya. Ni katika kusubiri huko nilipoanza kuandika habari za vikaragosi.

Kuna kamusi elezo moja mtandaoni inayohusu maonyesho ya vikaragosi tu. Hailipi mtu. Tunaoiandika ni mashabiki, kila mmoja kwao, hatujuani sura. Niliingia nikitafuta kipindi nilichokuwa nikikitazama utotoni kwenye televisheni ya jirani. Nikakuta makala yake, na makala ina kosa: sungura wa kile kipindi alikuwa na sikio lililokunjika, nao walikuwa wameandika ni la kulia. Nikasahihisha. Baadaye mtu wa nchi ambayo sitafika akaniandikia, "Nimeangalia tena. Uko sawa, ni la kushoto. Karibu kwetu." Nilitabasamu mbele ya kompyuta mpaka dereva mmoja wa Kampala akaniuliza kama nimeposwa.

Tangu hapo nimeandika mengi humo. Kitu ambacho sikuwaambia wenzangu ni kwamba mama yangu alikuwa mchezesha vikaragosi.

Alifariki nikiwa mtoto wa chekechea. Yeye na wenzake wachache walikuwa wakizunguka masoko ya huku kwetu, Busia, Bumala, Funyula, wakitundika shuka la buluu kwenye nguzo na kujificha nyuma yake, vikaragosi vikitokeza juu kuwaeleza watu habari za malaria, za choo, na za ule ugonjwa ambao siku hizo ulitajwa kwa kunong'ona. Kikaragosi kinaweza kusema hadharani neno ambalo binadamu akilisema anatemewa mate. Kikubwa kati ya vikaragosi vyao kilikuwa bibi kizee mwenye jino moja, aliyeitwa Kukhu, yaani nyanya kwa Kiluhya chetu. Kukhu alichezeshwa na mama. Hayo niliambiwa. Ninayoyakumbuka mwenyewe ni harufu ya gundi mikononi mwake, na mgongo wake alipokuwa amelala, uso kaugeuzia ukuta. Sauti yake siikumbuki. Nimeitafuta kichwani miaka yote kama mtu anayepapasa kitanda kutafuta kijiti cha kiberiti, nisiguse kitu.

Mwenzangu wa karibu katika ile kamusi ni mwalimu wa chekechea wa Tororo, ng'ambo ya mpaka. Asubuhi moja aliniandikia: "Nyabo, dada yangu, wewe si uko upande wa Busia? Tazama nilichopata."

Padri mmoja mzee alikuwa amehama parokia yao akaacha sanduku la kanda za video. Mwalimu akazipeleka studio zikahamishiwa kwenye kompyuta, na katika moja kulikuwa na soko, shuka la buluu, na juu ya shuka bibi kizee mwenye jino moja. Alikuwa ameshaanzisha ukurasa. Jina la kikaragosi: Kukhu. Mahali: soko la Busia, Kenya. Sauti: haijulikani.

Nilivaa spika za masikioni nikabonyeza. Kukhu akatikisa kichwa, akawakemea watu walionunua samaki wasimsikilize, watu wakacheka. Kisha akasema, kwa sauti nyembamba yenye mkwaruzo kidogo, "Mgonjwa akila kwenye sahani yako, sahani haiugui. Wewe ndiye unayeugua, moyo."

Nikarudisha nyuma nikasikiliza tena. Nilingoja kitu kiniguse. Nilidhani damu itanijulisha. Haikunijulisha kitu. Ilikuwa sauti ya kikaragosi tu.

Siku zilizofuata ile sauti ilinifuata. Ilikuja katikati ya honi za malori nikivuka barabara. Ilikuja nikiosha vyombo, ikisema *sahani haiugui*, nami nikiwa na sahani mkononi, nikageuka kutazama mlango. Ofisini mteja akiniita "mama" nilikuwa nashtuka, kwa kuwa kwa nukta moja sikujua ni nani aliyeita. Huko mtandaoni wenzangu walikuwa wakibishana bila kujua wananichoma. Mmoja alisema anayezungumza ni mwanamke wa makamo. Mwingine, anayefanya kazi ya kurekodi sauti kwao, alisema hapana, ukisikiliza vizuri kuna koo la mwanamume ndani yake. Mwalimu wa Tororo akauliza kama nawajua watu wa kile kikundi. Nikamjibu kwamba nitaulizia.

Niliyemwendea ni mama mdogo, dada yake mama, aliyenilea kule Bumala. Nilimkuta jikoni akisonga ugali. Sikumweleza kitu, niliweka simu juu ya meza nikaibonyeza.

Mwiko ulisimama. Aliutoa kwenye sufuria, akauweka chini penye vumbi, kitu ambacho hawezi kukifanya hata akiwa mgonjwa.

"Ni yeye," alisema. "Huyo ni dada yangu."

"Una hakika, mama?"

"Nitakosaje kumjua? Nimelala naye kitanda kimoja mpaka akaolewa." Alikuwa amefunika mdomo kwa kanga, akizungumza ndani yake. "Umemtoa wapi huyu? Umemtoa wapi?"

Ugali uliungua tukaula hivyo hivyo.

Nikarudi Malaba, nikafungua ukurasa ili niandike jina la mama kwenye ile nafasi iliyosema haijulikani. Nikataka kwanza kuitazama video mpaka mwisho, kwa kuwa siku zote nilikuwa nimekwama kwenye maneno ya sahani. Karibu na mwisho, yule aliyeshika kamera aligeuka kuwaonyesha watazamaji. Mbele kabisa alisimama baba yangu, akiwa kijana, kichwa kimenyolewa kipara. Kando yake kaka yangu, kipara. Na mikononi baba alimbeba mtoto wa kike mwenye gauni la njano, naye kichwa kinang'aa, kidole mdomoni, amekodolea macho lile shuka.

Kwetu mtu akishazikwa, siku ya matanga jamaa wote hunyolewa. Baba alikuwa mtu wa kujivunia nywele zake. Alinyoa kipara mara ile moja tu maishani mwake. Mtoto wa gauni la njano nilikuwa mimi. Mama alikuwa ameshazikwa. Na juu ya shuka Kukhu alikuwa akiongea, watu wakicheka, baba yangu peke yake hacheki.

Nilizima kompyuta. Sistimu iliporudi, bosi aliniita mara mbili sikumsikia.

Mama mdogo sikumwambia nilichokiona. Nilimpigia simu nikamuuliza tu kama kuna yeyote wa kile kikundi aliye hai. Akasema yuko mmoja, yule aliyekuwa akichezesha kikaragosi cha mlevi, ana duka la dawa za mifugo Funyula.

Nilimkuta amesimama nyuma ya kaunta yake, mwanamume mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akimweleza mama mmoja namna ya kumnywesha mbuzi dawa ya minyoo. Aliponiona alisema, "Karibu dada, ni kupe ama ni kuku?" Nikamtajia jina la mama. Akanitazama usoni, kisha akanisogezea stuli.

"Wewe ndiye uliyekuwa unalia tukikutoa nyuma ya shuka," alisema.

Nilimwonyesha video. Aliitazama akiwa ameishika simu mbali na macho, na midomo yake ilikuwa ikitembea kidogo pamoja na maneno ya Kukhu. Hapo nilijua kabla hajasema.

"Ni wewe," nikasema.

"Ni mimi. Lakini usiandike ni mimi." Alivua miwani. "Alipozidiwa hakuweza kusimama tena nyuma ya shuka. Watu masokoni wanauliza, Kukhu wapi? Mbona huyo mlevi anakuja peke yake? Akaniita nyumbani. Akanikalisha kando ya kitanda, akanifundisha. Kila siku nikitoka kazini. Nikikosea ananipiga kofi mkononi. Nikipatia anacheka mpaka anakohoa. Alikuwa akisema, Kukhu hana ugonjwa, kwa nini alale?"

"Na watu hawakujua?"

"Nani atajua? Walikuwa wanamsikiliza Kukhu. Baba yako ndiye aliyejua." Akamhudumia mtu aliyetaka sindano za ng'ombe, akarudi. Nilifikiri amemaliza. "Baada ya mazishi alikuwa anakuja kila tukiwa na maonyesho, Busia, Bumala, popote, na nyinyi watoto. Anasimama mbele. Halafu siku moja alikuja hapa Funyula peke yake, mchana kama huu. Akaniomba niende kwenu, nisimame nyuma ya pazia la chumba cha kulala, niongee. Yeye atakaa sebuleni."

Nilimuuliza kama alikwenda.

"Nilikwenda. Alikuwa rafiki yangu, na alikuwa ameacha kula. Nilisimama nyuma ya lile pazia na hata kikaragosi sikuwa nimekivaa. Akaniuliza mambo. Nikajibu. Mengine nilijibu bila kujua nimeyatoa wapi, dada, nakwambia kweli. Alianza kwa kuuliza funguo za sanduku ziko wapi, mimi nikasema ziko chini ya godoro la mtoto, na sikuwa nimeambiwa na mtu. Labda niliwahi kusikia. Sijui." Alirudisha miwani yake. "Nilitoka nikamwambia, ndugu yangu, usiniite tena. Na Kukhu sikumvaa tena tangu siku hiyo. Kikundi kilikufa hapo."

Nje mtu alikuwa akipakia mifuko ya chakula cha kuku kwenye boda boda. Nilitaka kuaga, nikasikia nikisema kitu kingine kabisa.

"Bado unaweza?"

Alikataa kwa kichwa. Kisha akatazama mlangoni, akaona hakuna anayeingia. Akainua mkono wake mtupu juu ya kaunta, akaukunja vidole kama mdomo, akageuza uso pembeni.

"Mama," ule mkono ukaniambia, "umekula?"

Kwenye video sikuijua. Pale dukani mwili wangu uliijua kabla yangu. Nikajibu, "Nimekula," kwa Kiluhya, kwa sauti ndogo ambayo nayo sijaisikia tangu utotoni. Maneno hayo hayakuwa ya maonyesho. Hakuna Kukhu aliyewahi kuyasema sokoni. Mama ndiye aliyekuwa akiniita mama na kuniuliza hivyo kila nikitoka chekechea, na yule mzee aliyasikia akiwa amekaa kando ya kitanda akijifunza.

Aliushusha mkono, akaufuta kwenye koti lake kama ulioshika dawa. Aliniomba nisimwombe tena, nami nikamwahidi.

Ile nafasi kwenye ukurasa ilitusumbua. Kamusi ina kanuni zake: jambo lisilo na ushahidi linaondolewa, na makala zetu huwa hazina huruma kwa neno la "nimeambiwa". Mwalimu wa Tororo alivuka mpaka, tukaenda pamoja Funyula, na yule mzee akakubali mradi jina la mama litangulie, akarekodiwa akieleza jinsi alivyofundishwa, bila kuigiza. Mahojiano yakakubaliwa kuwa chanzo. Sasa ukurasa una majina mawili, la kwanza la mama, na chini yake maelezo kwamba katika video hii anayesikika ni mwanafunzi wake. Yule wa kurekodi sauti akaandika kwamba alijua tangu mwanzo. Habari ya pazia sikuiandika. Mwalimu ndiye pekee niliyemsimulia, tukiwa tunangoja basi stendi ya Bumala, naye akanishika mkono mpaka basi likafika.

Kilichobaki kilikuwa baba. Anaishi Marachi na mke wake wa pili, mama mwema sana, na mimi na baba hatujawahi kuzungumza juu ya mama zaidi ya kumtaja kwenye sala. Nilimkuta uani akipukuchua mahindi, nikakaa nikaanza kupukuchua naye. Baada ya muda nikatoa simu. Nilimwambia kuna video ya zamani, kama anataka.

Alitazama. Kukhu alipoanza kusema aliacha kupukuchua, gunzi mkononi. Hakulia. Alipofika kwenye vichwa vyetu vilivyonyolewa aliniomba nisimamishe picha, akaisogelea, akamgusa mtoto wa gauni la njano kwa kidole chenye vumbi la mahindi, picha ikakimbia, nikairudisha.

"Yule jamaa wa Funyula," alisema, "bado yuko?"

"Yuko, baba. Ana duka."

Mkewe alikuwa akiimba wimbo wa kanisani jikoni. Baba alimsikiliza kidogo.

"Bado anaweza?"

Nilimtazama mikono, imezeeka, imetulia juu ya magoti. Nikamwambia hapana, sauti ya mzee imeharibika, hawezi tena.

"Afadhali," alisema baba. Akavuta gunia karibu, tukaendelea kupukuchua.