Asumpta wa Bombambili na Mpaka wa Mikonge

Asumpta alizaliwa mwaka 1952 katika kijiji jirani na Peramiho, mtoto wa kwanza wa mkulima Makarius Haule, akabatizwa akiwa na siku tisa. Mwaka 1963 familia ilihamia Bombambili, enzi hizo mahindi matupu, na kupakana na akina Mbawala. Kati ya mashamba hayo mawili ulipita mstari wa mikonge, na huku kwetu mkonge wa mpakani huheshimiwa kuliko karatasi. Masika ya 1966, mzee Mbawala akiwa amelazwa hospitali, Makarius alimchukua binti yake, wakaing'oa mikonge ile na kuipanda upya hatua kumi na mbili ndani ya shamba la mgonjwa. "Usimwambie mtu," baba alisema. Jirani alifariki bila kurudi shambani, na mwanawe Erasmus alikuwa bado ananyonya.

Kanisa halijamtangaza Asumpta mtakatifu, nami simtangulii Baba Mtakatifu. Nasimulia tu. Alikuwa katekista tangu 1979, hakuolewa, na nyumba aliyoijenga ilisimama kwenye kipande kile cha wizi. Wakristo waliotaka kushtakiana waliletwa kwake, naye aliwasomea Mtume Paulo alivyowakemea Wakorintho: kwa nini mnapelekana mahakamani ndugu kwa ndugu? Kwa nini msikubali kudhulumiwa? Kesi nyingi ziliishia sebuleni kwake. Inaniuma kuandika kwamba miaka yote hiyo alifundisha amri ya saba, Usiibe, na kunyamaza.

Mwaka 2016 wapimaji wa ardhi walipita mtaani, na Erasmus akakuta shamba lake ni dogo kuliko alivyoelezwa na marehemu mama yake. Akaandaa mashtaka dhidi ya Thadei, mdogo wake Asumpta, aliyeshika shamba la baba. Jumuiya ikashtuka, maana wote wawili walisali pamoja kila Jumamosi. Wakakutanishwa kwa katekista asubuhi moja, watu wamejaa hadi barazani. Erasmus alishika bahasha yake ya mashtaka.

"Dada Katekista," alisema, "sina shahidi. Ukiniambia niache, nitaacha."

Thadei alitabasamu. Alikuwa anajua, baba alimwambia kabla ya kufa. "Msomee Paulo, dada. Akubali kudhulumiwa."

Asumpta alifungua Biblia, akaifunga. Sentensi moja tu ingemtosha kubaki na nyumba yake na jina lake. Thadei aliona anavyosita, akamsogelea na kumnong'oneza, lakini waliokaa karibu walisikia: "Ukifungua mdomo, nikifa usije kunizika."

"Paulo hakumwandikia mwizi maneno haya," Asumpta alisema kwa sauti. "Erasmus, mwizi ni mimi. Mikonge niliing'oa kwa mikono hii, na baba. Chana bahasha hiyo, si kwa kuwa umesamehe, ila kwa kuwa sina cha kubisha."

Thadei alitoka bila kuaga. Siku hiyohiyo Asumpta, akiwa na miaka sitini na minne, aliirudisha mikonge alipoikuta utotoni, miiba ikimchana hadi viwikoni. Erasmus alimsihi abaki kwenye nyumba, akakataa, akapanga chumba. Akaomba pia avuliwe ukatekista. Kwa miaka mitano Thadei hakumsalimu, na hilo ndilo lililomkondesha.

Alifariki Agosti 2021. Erasmus alitoa sehemu ya kumzika kando ya nyumba ile ya zamani. Wapo wanaosema ni muujiza kwamba mikonge iliyopandwa kiangazi ilishika yote. Mkonge ni mmea mkaidi, sioni ajabu. Ajabu niliiona mazishini. Thadei alifika na jembe begani, akasimama mpakani, hakuvuka.

"Kaka Erasmus," aliita, "naomba ruhusa nipite shambani kwako, nikamchimbie dada yangu."

Ndugu mpendwa, utakapoitwa kumsihi aliyedhulumiwa asamehe, jiulize kwanza umeketi kwenye ardhi ya nani. Kisha, kama Asumpta, inuka.