Miguu ya Kumbebea Mama

Kuhusu sherehe ya miaka themanini ya mama mkwe wake, Bun-ok aliogopa kitu kimoja tu: nyonga. Hakuogopa gharama wala ndugu wa mumewe wenye midomo. Pale Daegu, Korea, mama akifikia umri huo, mwanawe humpandisha mgongoni na kumzungusha ukumbini huku watu wakipiga makofi. Mwana mwenyewe, Deok-man, alikuwa dereva wa basi mstaafu, mtu aliyefanya kazi ya kukaa hadi mapaja yakawa laini kama tofu. Akimwangusha mama yake, nyonga itavunjika. Na nyonga ikivunjika, nani atamwosha, atamgeuza kitandani, atamlisha uji? Si Deok-man. Ni Bun-ok yule yule anayeuza vitoweo sokoni tangu alfajiri, kisha hurudi nyumbani kupika tena.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Katika sherehe ya miaka sabini Deok-man alimbeba mama yake, akapita meza mbili, magoti yakaanza kucheza, akamtua juu ya meza ya tatu, katikati ya sahani za keki za mchele. Tangu siku hiyo mama mkwe humsimulia kisa hicho kila anayekanyaga mlangoni.

Safari hii Deok-man aliapa kuimarisha miguu. Bun-ok akafunga kibanda mapema, akampeleka kliniki kwa binti wa mazoezi ya viungo. Binti akaeleza taratibu: aanze na mwili mtupu, akae kitini na kuinuka; visigino vibaki sakafuni, magoti yafuate uelekeo wa vidole, mgongo usipinde. Mzigo aongeze kidogo kidogo, na pale tu ule wa kwanza umeshakuwa mwepesi. Deok-man aliitikia kila neno kwa kichwa. Aliyesikia ni Bun-ok, aliyekuwa pembeni amepakata makoti.

Jioni ile ile mwanamume akachukua gunia la mchele la kilo ishirini, akalifunga mgongoni kwa mbeleko iliyombeba binti yao, Hye-rim, utotoni. Amevaa soksi, na sakafu yenyewe inang'aa kama kioo. Akachuchumaa. Alipotaka kuinuka, mguu wa kulia ukaelekea jikoni na wa kushoto ukaelekea bafuni. Gunia likapasuka, mchele ukafika hadi chini ya jokofu.

Simu ya mlinzi wa jengo ikalia. "Majirani wa chini wanauliza kama kuna mtu amekufa huko juu."

"Bado," Bun-ok akajibu.

Mama mkwe alikuwa kwenye kochi akimenya vitunguu saumu. "Na mimi mtanizoa kwa fagio hivyo hivyo?"

"Sakafu inateleza, Mama," Deok-man akasema akiwa bado chini.

"Sakafu haikuvaa soksi, Baba Hye-rim," mkewe akamwambia. Akaenda kuchukua fagio, maana nani mwingine angelichukua?

Kesho yake Bun-ok akayashika mambo mwenyewe. Alikunja godoro la pamba akalitandika sakafuni kwa ajili ya majirani, akasukuma kiti kizito hadi ukutani, akamvua mumewe soksi kama mtoto. "Kaa. Inuka. Pumua ukiinuka, usibane pumzi utapasuka."

"Naonekana kama mtu aliyeko chooni."

"Basi na iwe choo. Kaa."

Na kwa kuwa Deok-man hakuelewa jambo mpaka aonyeshwe, ilimbidi Bun-ok aonyeshe. Akikumbatia kifuko kidogo cha mchele kifuani, anaketi, anainuka. Wakihamia kifuko kikubwa, yeye anatangulia kujaribu. Walipofika kwenye mbeleko, alijifunga yeye kwanza, mchele ukiwa umebana mgongoni, usining'inie. Kila jioni, baada ya kutwa nzima ya kusimama sokoni! Mama mkwe anatazama kutoka kochini, anamenya, anatoa maoni. "Matako yako yamekwenda kulia, Mama Hye-rim." Bun-ok alitamani kumrushia kifuko kimoja.

Hata hivyo miguu ya Deok-man ilianza kupata nguvu. Hapo ndipo kiburi kilipoingia. Siku chache kabla ya sherehe, mkewe akiwa sokoni, alifunga magunia mawili mgongoni, na juu yake akapachika jiwe la kukandamizia kabichi za kimchi mtungini. Bun-ok aliporudi alimkuta amelala kifudifudi, hawezi hata kugeuza shingo.

"Nani amekutuma?" akafoka. "Sema! Jiwe limekuomba ulibebe?"

"Nilijisikia vizuri," Deok-man akanong'ona.

Bun-ok aliketi sakafuni akataka kulia kwa hasira. Akaishia kumchua mgongo.

Siku ikafika. Ukumbi ukajaa, mwimbaji akaita, "Mwana wa kwanza, mbebe mama!" Deok-man akasimama ameshika kiuno, ameinama kuliko mama yake. Mdogo wake, Sang-do, akajitokeza akinuka pombe ya soju, anakunja mikono ya shati. "Tupishe, kaka. Huyu mama ni wangu pia."

Mama mkwe akamwangalia kuanzia juu hadi chini. "Wewe utanitia kwenye supu." Akageuka. "Mama Hye-rim. Njoo."

"Mimi? Mama, watu watasema nini?"

"Wanasema tangu nitue kwenye keki. Vua soksi."

Ukumbi mzima ukamtazama Bun-ok akivua soksi zake nyeupe za sherehe. Akachuchumaa mbele ya kiti, akakanyaga kwa kisigino, akanyoosha mgongo. Mama mkwe akapanda. Bun-ok akatoa pumzi, akainuka.

Alikuwa mzito kuliko magunia yote aliyobeba, maana gunia hutulia, na huyu alikuwa anawapungia watu mkono. Deok-man akafuata nyuma, mikono tayari. Wakapita meza ya kwanza, na ya pili. Walipokaribia ya tatu, mama mkwe akamwinamia sikioni.

"Wanangu wakiniangusha watalia kidogo, kisha waende zao. Wewe ukiniangusha utaniuguza. Ndiyo maana hutaniangusha."

Kumbe alikuwa anajua! Miaka yote hii mwanamke huyu alijua ni nani angemgeuza kitandani, wala hakuwahi kufungua mdomo. Hasira ikampanda Bun-ok hadi machozi yakamtoka.

"Acha kupunga mikono, Mama," akasema kwa ukali. "Shika shingo."

Na kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika nyumba ile, mama mkwe akafanya alichoambiwa.