Yule Bwana wa Begi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kama hujawahi kubishana naye kuhusu filamu, mshukuru Mungu wako. Ukimletea kitambaa atakusikiliza vizuri tu: mkono mrefu, mkono mfupi, mfuko huku, mfuko kule, yote sawa. Lakini ukimwambia kwamba filamu ya juzi ilikuwa nzuri wakati yeye aliiona mbaya, utatoka pale huna hamu. Huu ni mwaka wa saba tunafanya kazi pamoja, mimi nakata, yeye anashona, na sijamshinda hata siku moja. Siku hizi wala sijaribu.

Chumba chetu cha kazi kina cherehani mbili, meza ya kukatia, mlango unaotazama barabara, na runinga juu ya kabati la vitambaa. Runinga ile haizimwi. Shangazi anadai kwamba jicho lake moja liko kwenye sindano na la pili kwenye filamu. Uongo mtupu. Macho yote mawili yako kwenye sindano, kinachotazama filamu ni masikio. Ndiyo maana hununua zile zilizotafsiriwa tu, ambazo mtu mmoja huzungumza juu ya picha tangu mwanzo hadi mwisho, akiwasemea wanaume, wanawake, watoto na hata farasi. Mtafsiri wake ni huyo huyo miaka yote. Anajiita Chumvi, na jina limemkaa.

Kila Jumamosi saa kumi jioni tuna kikao. Wanachama ni wachache: Shangazi, mimi, Nesi wa zahanati ya jirani ambaye hulia hata kwenye vichekesho, Bwana Posta aliyestaafu kazi ya barua, na seremala wa ng'ambo ya barabara. Filamu ya wiki huchaguliwa mapema, kila mtu anaitafuta na kuitazama kwa wakati wake, halafu Jumamosi tunatoa maoni kwa zamu. Ambaye hajaimaliza anakaa kimya. Nesi amewahi kukaa kimya Jumamosi nne mfululizo kwa sababu ya zamu za usiku, na siku ya tano alikuja na maoni ya kutosha mwezi mzima.

Seremala alijiunga kwa bahati. Alikuja kurekebisha bawaba ya mlango wetu, akakuta tunabishana, akavuta kiti. Tangu hapo bawaba ile imerekebishwa mara nne bila kuwa na ubovu wowote. Ni mjane, mpole, penseli haitoki sikioni, na akikaa anaacha unga wa mbao kwenye kiti. Shangazi, ambaye humfokea mteja akiangusha hata kipande cha uzi, alikuwa anaupangusa unga ule bila neno. Mimi naona, nanyamaza.

Kisha seremala akaleta meza. Alikuwa amemwona Shangazi akishika kiuno kila akiinama kunisaidia kukata, akaenda akatengeneza meza ya kimo chake, bila kumpima, kwa kumkadiria kwa macho tu. Meza ikamfika Shangazi sawasawa. Wiki hiyo hiyo akaomba ruhusa ya kwenda kumwona baba yangu, ambaye ndiye kaka mkubwa wa Shangazi. Shangazi akasema, "Nitakujibu," akaendelea kushona.

Hapa lazima niseme jambo ili uelewe. Shangazi alishawahi kuolewa. Alipokuwa na miaka ishirini na sita, mume wake aliamka asubuhi, akachukua begi, akasema anakwenda kutafuta kazi mji wa pili, wiki mbili atarudi. Mwaka wa tatu ilirudi barua ya talaka. Shangazi hasimulii habari hiyo kwa machozi. Huitaja kama anavyotaja vipimo vya nguo, na ukimwonea huruma atakupa kazi ya kufumua pindo. Miaka ishirini amekaa hivyo, na wanaume waliobisha hodi aliwajibu wakiwa bado mlangoni.

Kwa hiyo utaelewa furaha yangu siku ya Alhamisi, alipokuwa anabana pindo la sketi, pini tatu mdomoni, akaniambia bila kuinua kichwa, "Jumamosi nitamwambia aende kwa kaka." Karibu nikate kitambaa cha mtu mara mbili. Nilitaka kupiga kelele, lakini kwa Shangazi ukionyesha furaha mapema anaahirisha. Nikasema tu, "Sawa."

Jumamosi ikafika. Filamu ya wiki ilikuwa ya bwana mmoja anayetoka kwake alfajiri na begi, huku mwanamke mgonjwa amesimama mlangoni anamtazama. Nesi alikuwa hajaitazama, akaziba mdomo. Bwana Posta alianza. Yeye hutazama mandhari tu.

"Milima ile!" akasema. "Na ule ukungu! Mimi watu sikuwafuatilia sana."

Zamu ya seremala ikafika. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, maskini, na alitaka kuongea vizuri.

"Mimi yule bwana nimempenda," akasema. "Kuondoka vile kunataka moyo. Ningekuwa yeye, hata alfajiri nisingeisubiri. Ningetoka usiku ule ule."

Cherehani ya Shangazi ikasimama.

"Ungetoka?"

"Ningetoka, bibie. Mwanaume wa kweli hakai tu pale anamtazama mgonjwa."

"Ukamwacha mwanamke mlangoni."

"Si atangoja? Alimwambia angoje."

Shangazi akakata uzi kwa meno. "Fundi," akasema kwa sauti ya chini kabisa, "meza yako njoo uichukue."

Seremala alitutazama mmoja mmoja, akatafuta wa kumweleza amekosea wapi, akakosa. Aliondoka bila meza. Bwana Posta akasema hakujua kwamba milima inaweza kuleta ugomvi. Nami nilikasirika kweli, na wote wawili. Miaka ishirini mtu anafunga mlango, unafunguka kidole kimoja, halafu unafungwa na filamu!

Wiki ile ilikuwa ndefu. Ng'ambo ya barabara randa ilinyamaza. Shangazi alirudi kukatia kwenye meza ya zamani, kiuno kinauma, anajikaza kisabuni. Jumatano Nesi akaniomba nimnunulie ile filamu ili naye ajue watu wamegombania nini. Nikaenda na flashi yangu kwenye kibanda cha filamu.

"Unataka ya Chumvi au ya Kasuku?" muuzaji akaniuliza.

"Kwani zina tofauti?"

"Dada, hao watafsiri wawili hawajawahi kukubaliana hata jina la farasi."

Nikazichukua zote mbili, nikazitazama nyumbani, pale kwenye mlango wa alfajiri. Chumvi, kwa sauti nzito, anamsemea yule bwana hivi: "Mke wangu, ugonjwa wako na umaskini huu vimenichosha. Ukipona, nitafute." Nikaweka ya Kasuku. Midomo ile ile, begi lile lile, naye analia kabisa: "Dada yangu wa tumbo moja, nisubiri. Dawa yako iko ng'ambo ya milima, nami nitaileta." Nilicheka hadi mama akaja kuuliza kama nimeumwa na kitu. Shangazi ni wa Chumvi, na seremala, nikakumbuka, hajawahi kununua kitu kisicho cha Kasuku.

Asubuhi nilifika kazini mbio na habari yangu. Nilidhani Shangazi atacheka. Hakucheka. Alinisikiliza hadi mwisho, akaweka mkasi chini.

"Sasa mkweli ni nani?" akauliza.

Nikarudi kibandani kuomba ile filamu yenyewe, isiyotafsiriwa na mtu. Muuzaji akanishangaa, maana hiyo hakuna anayeitaka.

Jumamosi wote walikuja. Seremala nilimfuata mwenyewe. Nilimkuta amekaa juu ya mbao, hafanyi lolote. Nikamwambia, "Shikamoo, Fundi. Njoo, tumekosea wote." Akapangusa mikono, akavuka barabara, akakaa kiti cha mwisho karibu na mlango.

Shangazi aligeuza kiti chake kikaitazama runinga. Hilo sikuwahi kuliona. Mikono yake ilikuwa mitupu, hajui pa kuiweka.

Filamu ikaanza, na hakuna aliyeelewa hata neno. Lugha yenyewe hatukuijua ni ya wapi. Lakini Shangazi aliyekuwa akisikiliza filamu miaka yote sasa alikuwa anaona. "Kumbe mwanamke mwenyewe ni mtu mzima," akasema. "Na gauni hilo nani kamshonea? Bega moja limekimbia."

"Mlango huo nao ni wa kusimamisha tu," seremala akanong'ona kule nyuma. "Hauna bawaba."

Ikafika alfajiri, begi, mlango. Wakazungumza wale wawili, wakatazamana, bwana akaondoka.

"Ni mke," akasema Bwana Posta.

"Ni dada," akasema Nesi, machozi tayari. "Mbona hawakushikana hata mikono?"

"Wewe na mumeo mnashikana mikono?" akauliza Bwana Posta.

Nesi akafikiri. "Basi inawezekana ni mke."

Wakabishana, wakapandishiana sauti, hadi Shangazi akainua mkono. "Rudisha nyuma," akaniambia. "Na uzime sauti. Tutatafsiri wenyewe. Mimi namsemea mwanamke. Fundi, sogea hapa, wewe msemee bwana."

Seremala akasogea. Nikarudisha picha, nikazima sauti. Mwanamke akaja mlangoni, akafungua mdomo.

"Unakwenda wapi na begi asubuhi yote hii?" akasema Shangazi.

Kwenye picha yule bwana akaanza kusema, akasema sana, mikono inakwenda. Seremala yuko kimya.

"Fundi, sema!" akahimiza Bwana Posta. "Mtu wako anahutubia!"

"Siendi," akasema seremala.

Yule bwana akainua begi, akavuka kizingiti.

"Fundi!" Nesi alikuwa anacheka na kulia. "Mbona kashatoka? Huyo, anateremka kilima!"

"Mwacheni ateremke," akasema seremala. Runinga alikuwa haitazami tena. "Mimi siendi popote, bibie. Nipo hapa."

Mwanamke wa kwenye picha alikuwa amefunga mdomo. Shangazi hakufunga.

"Na nikiugua?"

Seremala alitoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha. "Marehemu mke wangu aliugua miaka mitatu," akasema. "Sikulala nje ya nyumba hata siku moja. Lakini dawa sikuipata, bibie. Ndiyo maana nilimpenda yule bwana, niliposikia anakwenda kuileta."

Milima ya Bwana Posta ilipita yote, na ukungu wake, hata yeye mwenyewe hakuiona. Shangazi akainama, akamtoa seremala unga wa mbao kwenye mkono wa shati, taratibu, kwa vidole viwili.

"Lakini jamani," akasema Bwana Posta, "hatujakata shauri. Yule alikuwa mke au dada?"

"Ninyi bishaneni," akasema Shangazi. Akanigeukia. "Wewe, mwambie baba yako kesho asitoke. Ana mgeni."